Swali la Tatu

Mtafiti alifika idara ya dharura siku ya Jumatatu, na hilo peke yake lilitosha kumponza. Jumatatu ndiyo siku ambayo wote walioumwa Jumamosi na kujikaza Jumapili huamua kwa pamoja kwamba sasa basi. Benchi zilikuwa zimejaa, mashine za kupima presha zilikuwa tatu na iliyofanya kazi ni moja, na yeye akaingia na begi mgongoni na rundo la karatasi kifuani, akaomba aonyeshwe aliko muuguzi mkuu.

Muuguzi mkuu alikuwa mbele yake. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, aliyepanga zamu za idara ile kwa miaka kumi na moja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Sista Zamu. Likizo yako, homa ya mtoto wako, harusi ya mdogo wako, vyote vilipita kwenye daftari lake lenye jalada la bluu. Ukikosana naye ungejikuta uko kazini sikukuu zote za mwaka. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, na hakuona sababu ya jambo kupinda kama linaweza kunyooka.

Akamwambia mtafiti asubiri. Mtafiti akasubiri saa mbili na nusu, amesimama, kwa kuwa kila alipokaribia kukaa aliingia mtu aliyestahili kukaa zaidi yake.

Walipoonana hatimaye, alieleza shida yake vizuri tu. Alitaka kila mtu mzima anayepita pale mezani, awe amekuja na jino au amevunjika mguu, aulizwe maswali matatu kuhusu kujiua. Atakayejibu ndiyo asiachwe aende zake; aonwe siku hiyohiyo na mshauri wa afya ya akili, waandike pamoja karatasi ya mpango wa kujilinda, na akisharudi nyumbani apigiwe simu mara tatu katika miezi miwili. Hakuna jipya hapo, alisema. Mambo hayo yalikwisha kupimwa na yanajulikana kwamba yanasaidia. Jambo ambalo halikujulikana ni namna ya kuyatoa kwenye vitabu yakafika kwenye meza kama ile, yenye foleni kama ile.

Sista Zamu alimsikiliza huku akisaini vitabu vya dawa. Alipomaliza alimuuliza kama anajua idadi ya watu waliopita pale tangu asubuhi. Mtafiti hakujua. Walikuwa themanini na tisa, na ilikuwa bado haijafika saa saba mchana.

"Tena nikuambie, mdogo wangu," akasema. "Mtu amekuja kushonwa kidole. Hana habari na kujiua. Wewe unamuuliza, unamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Akitoka hapa akalifanyia kazi, nani atajibu?"

"Swali halimtii mtu wazo hilo, sista. Limechunguzwa sana. Kama halipo, haliji kwa kuulizwa. Na kama lipo, wengi wakiulizwa huwa kama wametua mzigo."

Sista Zamu akasema kwamba yeye amekaa na wagonjwa miaka ishirini na minne na hajaona hata mmoja aliyetua mzigo kwa kuulizwa maswali. Lakini barua ya kuruhusu utafiti ilikuwa imetoka juu, na barua ikitoka juu haina mjadala. Daktari mkuu wa idara alikuwa ametoa miezi sita. Kwa hiyo mtafiti akapewa kona, na wauguzi wakampa jina la Karatasi. Kwa wiki nzima ya kwanza hakuna aliyeuliza swali hata moja kati ya yale matatu.

Wiki ya pili mtafiti alikuwa na kazi nyingine ya kufanya, akakwama. Alikuwa amepewa ruhusa ya kufungua majalada ya watu waliokufa kwa kujiua katika miaka mitatu iliyotangulia, aone kama waliwahi kupita hospitalini kabla ya hapo. Majalada yalikuwa thelathini na moja. Majina yalifunikwa kwa karatasi ya gundi, kama utaratibu unavyotaka, lakini tatizo lilikuwa mwandiko. Madaktari wa hospitali ile waliandika kana kwamba kuku amekanyaga wino kisha akafukuzwa. Akaomba mtu wa kumsaidia kusoma, na daktari mkuu akamtaja Sista Zamu, ambaye aliwahi kumsomea daktari huyo maandishi ya daktari mwenyewe yalipomshinda.

Sista Zamu akaenda shingo upande. Wakakaa wawili katika chumba cha kumbukumbu, kati ya rafu za chuma, chini ya feni iliyokuwa ikihamisha vumbi kutoka pembe moja kwenda nyingine. Sista Zamu alisoma, mtafiti akachapa. Maumivu ya tumbo. Kukosa usingizi. Kichwa. Kizunguzungu. Tumbo tena. Mgongo, amepewa dawa za kutuliza, arudi baada ya wiki mbili. Wengi hawakurudi, na sababu ya kutorudi ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine kwenye karatasi nyingine.

Walipofika jalada la kumi na tano Sista Zamu akaanza kuhesabu mwenyewe, kimoyomoyo. Zaidi ya nusu walikuwa wamepita hospitalini katika miezi mitatu ya mwisho ya maisha yao. Wengine walipita pale pale mezani kwake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba waliulizwa lolote zaidi ya kinachowauma.

Jalada la ishirini na mbili halikuhitaji msomaji. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, safi, herufi zimekaa kwenye mstari. *Mgonjwa huyu tunamfahamu. Safari ya tatu mwezi huu. Kifua, lakini vipimo vyote ni safi. Hana kitu. Akapumzike nyumbani.*

"Huo nao hausomeki?" mtafiti aliuliza.

"Unasomeka."

Akausoma mpaka mwisho, kwa sauti ileile aliyosomea mingine. Kisha akasema, "Mwandiko huu ni wangu."

Karatasi ya gundi ilificha jina, lakini haikuficha mtu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, shati lake lina matundu madogomadogo ya cheche. Safari ya kwanza wauguzi walimhurumia, ya pili walimzoea, ya tatu walitazamana. Alipoambiwa anaweza kwenda, alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake, akauliza, "Kwa hiyo mmeona hakuna kitu kabisa, sista?" Naye akamjibu kwa bashasha, kwa kuwa aliona ni habari njema, kwamba hakuna kitu kabisa, ashukuru Mungu. Tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi nyingine ilikuwa siku kumi na mbili baadaye.

Mtafiti aliacha kuchapa. Alitafuta neno la kumpoza, akaona kila analolifikia ni la kitoto, akanyamaza. Miaka ya baadaye, akiwa hospitali nyingine, alisema kwamba kunyamaza kule ndiko kulikowafanya wakaelewana.

"Lete la ishirini na tatu," Sista Zamu akasema.

Wakamaliza yote thelathini na moja. Waliopita hospitalini katika miezi mitatu ya mwisho walikuwa kumi na tisa. Jioni hiyo Sista Zamu alirudi nyumbani, akapika, akamsikiliza mumewe akilalamikia bomba lililopasuka mtaani na mafundi waliokuja kulitazama tu. Mumewe alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Kesho yake asubuhi wauguzi walikuta kwenye daftari la zamu mstari mpya, kwa wino mwekundu: mafunzo ya maswali matatu, Alhamisi alasiri, wote. Jina lake lilikuwa la kwanza. Waliokuwa na udhuru waliutafakari upya.

Ukumbi ulikuwa umechukuliwa na mkutano, wakafanyia mafunzo kwenye chumba cha plasta, wamekaa juu ya vitanda na madebe ya unga wa plasta. Aliyefundisha alikuwa mshauri wa afya ya akili, mwanamume mrefu, mpole, ambaye ofisi yake ilikuwa mwisho kabisa wa ujia, kupita chumba cha kufulia. Baadhi ya wauguzi walikuwa wamefanya kazi naye jengo moja kwa miaka sita bila kujua anachofanya. Aliwaeleza wanachopaswa kufanya mtu akijibu ndiyo: usishtuke, usimkaripie, usimhubirie, usimwahidi siri, usimwache peke yake. Kisha akawataka wakae wawiliwawili, mmoja awe muuguzi na mwingine awe mgonjwa, wafanye mazoezi.

Sista Zamu akapangwa na Redio.

Redio alikuwa muuguzi wa plasta, mzee kuliko wote idarani, amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Alipata jina hilo kwa kuwa hakuzimika. Mtoto akiletwa amevunjika mkono analia, Redio angemuuliza kama huo mkono ni wake au kauazima, na kabla mtoto hajapata jibu plasta ilikuwa imekwisha kufungwa. Alikuwa amefiwa na mkewe miaka miwili nyuma. Siku ya msiba alichekesha waombolezaji, siku ya nne alirudi kazini, na watu wakasema yule bwana moyo wake ni jiwe, hana neno.

Sista Zamu akashika karatasi na kuanza kusoma. Swali la kwanza likapita, la pili likapita, Redio akijibu kwa sauti ya mgonjwa aliyebanwa na tumbo, watu wa karibu wakivunjika mbavu. Akafika la tatu.

"Katika kipindi cha majuma machache yaliyopita, je, umewahi kujiwa na fikra za kuukatisha uhai wako?"

"Sista, hiyo ni hotuba ya bunge au swali?" Redio akasema. "Mimi fikra sina. Fikra ni za wasomi."

Wakacheka tena. Sista Zamu hakucheka. Aliitazama ile karatasi, akaona Redio kasema kweli bila kujua. Hakuna mtu aliyewahi kukaa mbele ya meza yake akaongea hivyo, na mgonjwa yeyote angejibu hapana ili tu yapite. Akaigeuza karatasi juu ya paja lake, maandishi yakaangalia chini, akauliza kama ambavyo angemuuliza mtu kama amekula.

"Kaka, siku hizi umewahi kuwaza kujiua?"

Redio alikuwa na roli ya bandeji mkononi, ile ya kuchezea, na akawa anaifungua na kuifunga. Jozi nyingine zilikuwa zinaendelea na maigizo yao, chumba kimejaa ndiyo na hapana za uongo.

"Ndiyo," akasema.

Sista Zamu akadhani bado anaigiza, akawa yuko tayari kumsifu. Kisha akaona uso wake. Haukuwa na huzuni hasa. Ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyechoka kusimama akapata pa kukaa.

"Lini?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Jumapili. Na Jumapili ile nyingine. Jumapili ni mbaya." Akaiangalia karatasi. "Usiandike."

"Siandiki. Lakini siondoki hapa."

"Mambo haya yabaki kati yetu, sista. Nimebakiza mwaka na nusu tu."

Hapo ndipo alipotaka kuahidi. Alimfahamu mtu huyu tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi; ndiye aliyemfundisha kufunga bandeji isiyobana. Lakini alikuwa ameambiwa, nusu saa tu kabla, kwamba ahadi hiyo haitolewi, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini ilibidi watu wafundishwe jambo lililoonekana dogo hivyo.

"Hilo siwezi kukuahidi, kaka," akasema. "Nitakuahidi kwamba atakayejua ni mmoja, na nitakuwepo."

Redio akafikiri. Akasema kwamba kama angetaka kumwambia mtu angemwambia zamani. Sista Zamu akamjibu kwamba ameshamwambia.

Walitoka chumbani kama watu wanaokwenda kunywa chai. Ujia ulikuwa mrefu. Njiani Redio alimtania msafishaji, kisha akamtania mwingine, na wote wawili walicheka. Sista Zamu, akitembea kando yake, aliona jinsi alivyovuta pumzi kila mara kabla ya kutoa utani, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia. Walipita chumba cha kufulia wakaingia ofisi ya mwisho; mshauri, ambaye Sista Zamu alimwashiria kwa jicho wakati wakitoka, akawafuata nyuma baada ya dakika moja, akafunga mlango.

Walikaa mpaka saa kumi na moja. Karatasi ya mpango wa kujilinda, ambayo Sista Zamu aliwahi kuiita ushairi, ilijazwa mstari kwa mstari. Ishara kwamba hali inaanza kuwa mbaya: Redio akasema ni pale anaposhindwa kuwasha taa za nyumba. Kitu cha kufanya akiwa peke yake: kumwagilia bustani ya mkewe, ambayo ilikuwa imekauka nusu. Watu wa kuwapigia simu: hapo alikwama muda mrefu, kisha akamtaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, dereva wa trekta. Akamweleza kama mtu mbishi, anayeiba kwenye karata na akikamatwa anaapa. Nyumba nayo ilizungumzwa, ni nini ndani yake kisichofaa kukaa karibu naye kwa sasa. Shemeji alipigiwa simu mbele yake, kwa idhini yake. Alikuja jioni ileile na begi la nguo, akavitoa nyumbani vitu vilivyotakiwa kutolewa, akauliza kitanda chake ni kipi.

Kwenye daftari la zamu Redio aliandikwa likizo ya wiki tano. Wauguzi waliuliza, kwa kuwa wauguzi huuliza. Sista Zamu aliwajibu kwamba likizo ni likizo, na aliyekuwa na wasiwasi na hesabu za likizo alete za kwake zikaguliwe. Hakuna aliyeleta.

Siku iliyofuata alimwendea mtafiti kwenye kona yake. Hakumwambia habari za Redio na hakukusudia kumwambia kamwe. Alimwambia tu kwamba swali la tatu limeandikwa kwa lugha isiyosemwa na mtu aliye hai, na kwamba anataka lisemwe hivi: umewahi kuwaza kujiua?

Mtafiti akakataa. Maneno yale yalipimwa kwa maelfu ya watu, alisema, na kuyabadilisha ni sawa na daktari kubadilisha kipimo cha dawa kwa sababu hapendi rangi yake. Kazi yake yote ingekwenda na maji.

"Dawa yenyewe haimezeki, mdogo wangu," Sista Zamu akasema. "Nani aliyewatafsiria?"

Aliyetafsiri alikuwa mtafiti mwenyewe. Alikuwa ameifanya tafsiri hiyo kwa siku mbili, na kamati ya utafiti ikaipitisha kwa sababu ilionekana ya heshima.

Hawakuelewana siku hiyo. Siku ya tatu mtafiti alirudi na pendekezo, na kamati yake ilipolipitisha wakaanza. Tarehe shufwa wauguzi wangeuliza kwa maneno ya zamani, tarehe witiri kwa maneno ya Sista Zamu, miezi miwili, kisha wahesabu. Sista Zamu akalipenda hilo. Lilikuwa jambo la kupangwa, na kupanga ndiyo kazi yake. Akabandika kalenda mezani, siku za maneno ya zamani nyeupe, za maneno yake njano.

Wauguzi walilalamika wiki mbili, kisha wakasahau kulalamika. Muuguzi mmoja kijana aliulizwa na mgonjwa kwa nini anamuuliza jambo la ajabu vile, naye akajibu kwamba tunawauliza wote, hata wewe wa jino. Jibu hilo likaenea likawa la idara nzima. Foleni ilirefuka. Daktari mkuu alitoka ofisini mara kadhaa, akaitazama saa ya ukutani, akarudi.

Miezi miwili ilipokwisha, waliojibu ndiyo siku nyeupe walikuwa tisa. Siku za njano walikuwa thelathini na wanne. Mtafiti alihesabu mara tatu. Mara ya tatu alimwita Sista Zamu ahesabu naye.

Redio alikuwa amerudi wakati huo. Alikuwa amepungua uzito na kupungua maneno. Alifunga plasta kama zamani, lakini kuna asubuhi nzima zilizopita bila utani, na wengine walisema hadharani kwamba wameikosa redio yao. Mchana alikula chakula alichofungiwa na shemeji, ambaye alikuwa bado hajahama na, kwa maelezo ya Redio, bado anaiba kwenye karata. Mara moja kwa wiki alikwenda mwisho wa ujia. Hakujificha wala hakutangaza.

Mwezi wa sita kikaitishwa kikao. Daktari mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni, na foleni aliijua kwa dakika. Alisema anaheshimu kazi iliyofanyika, lakini maswali yale yanaongeza dakika nne kwa kila mgonjwa, mshauri ni mmoja na amelemewa, na wengi wanaojibu ndiyo huenda wanajibu hivyo kwa sababu ya uchovu tu wa maisha. Alipendekeza muda wa utafiti ukiisha, maswali yaachwe kwa wale tu wenye dalili za wazi.

Mtafiti akasimama na takwimu zake. Zilikuwa nzuri, alizieleza vizuri, na Sista Zamu aliona macho ya watu yakienda dirishani. Yeye mwenyewe alikuwa na mengi ya kusema na hakuna hata moja aliloweza kusema pasipo kuvunja neno lake. Akaweka mikono juu ya daftari.

Redio akanyoosha mkono. Watu waligeuka wakitabasamu tayari, wakisubiri kichekesho.

"Mimi niliulizwa," akasema. "Sikuwa na dalili ya wazi. Kila mtu hapa alikuwa anacheka vichekesho vyangu. Nilijibu ndiyo."

Akaushusha mkono. 

Mwandishi wa kumbukumbu hakujua aandike nini. Daktari mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa amefanya kazi na Redio miaka kumi na tisa, na Jumapili mbili kati ya zile alikuwa amempigia simu kumwomba aje asaidie zamu. Alipofungua mdomo aliuliza swali la kikazi: zile simu tatu, nani atazipiga utafiti ukiondoka?

Sista Zamu akasema atapanga zamu ya simu.

Hawakupata yote. Mshauri wa pili aliombwa, na mwaka ulipokwisha alikuwa bado anaombwa. Siku za ajali kubwa maswali yaliachwa. Lakini yaliingia kwenye fomu ya kawaida ya mapokezi, chini ya uzito na presha, kwa maneno ya siku za njano, na kilichokaa kwenye fomu huulizwa hata na asiyekipenda. Mtafiti alifunga begi lake akaenda hospitali nyingine kuanza upya. Kabla ya kuondoka Sista Zamu alimuuliza kama ataandika kwamba tafsiri ilikuwa mbovu. Akasema ataandika. Aliandika, kwa aya nzima, na hakujitetea.

Zamu ya simu ilipigwa kutoka ofisi ya mshauri, saa nne hadi saa sita. Wengine walishukuru, wengine walidhani wanadaiwa kitu. Fundi cherehani mmoja alikuwa akipokea, anasema "bado nipo," kisha anakata. Simu ya tatu alikaa hewani dakika ishirini, akieleza habari za mteja aliyekataa gauni. Mwaka mzima waliojibu ndiyo walikuwa mia tatu na arobaini na wawili. Mtafiti aliandika barua kuonya kwamba ni wachache mno kuthibitisha lolote.

Kati ya hao, mmoja alikufa. Alikuwa kijana wa duka la vipuri, ameonwa, amejaza karatasi, ameondoka na dada yake. Simu ya kwanza alipokea. Ya pili haikupokelewa. Alijaribiwa mara tatu, kama mwongozo ulivyosema, na ikaandikwa hapatikani. Habari zilipofika, muuguzi aliyepiga simu hiyo alilia kwenye chumba cha dawa, na Sista Zamu alikaa naye huko. Hakumwambia kwamba hakukosea, wala kwamba alikosea. Alimpa siku mbili za mapumziko na kumpeleka mwisho wa ujia.

Kisha akachukua faili, akalisoma mstari kwa mstari, na saa ya kila simu. Simu ya kijana ilikuwa imeharibika. Alikuwa ameipeleka kwa fundi. Dada yake, ambaye alikuwa naye nyumba moja, alikuwa na simu nzima siku zote hizo. Hakuna aliyekuwa na namba yake. Hakuna aliyeiomba.

Wiki iliyofuata fomu zilichapwa upya. Chini ya namba ya mgonjwa uliongezwa mstari mmoja: namba ya pili, ya mtu anayekaa naye au anayemfahamu vizuri. Karani alinung'unika kwamba fomu sasa inaingia ukurasa wa pili, na ikaingia.

Mtu wa kwanza kufika kwenye mstari huo alikuwa dereva wa lori aliyekuja na mgongo. Alikuwa amejibu ndiyo, bila kupepesa, na mshauri alikuwa njiani. Sista Zamu alikuwa mezani mwenyewe asubuhi hiyo. Akamuomba namba ya pili. Dereva akasema hana mtu. Sista Zamu hakuandika kwamba hana mtu. Alibaki na kalamu yake juu ya karatasi, foleni nyuma ikikohoa, mpaka dereva alipokuna kidevu.

"Andika ya mama mkwe," akasema.

"Mnaelewana?"

"Hatuelewani hata kidogo. Lakini ukimpigia, anapokea."

Akaitaja tarakimu kwa tarakimu, kwa kichwa, naye akaiandika.